Farasi Asiyekuwepo na Dhahabu ya Mwaka 1951

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, sajenti mmoja wa jeshi la Uingereza alipanda treni kwenda Cambridge akiwa na hati iliyosema kwamba anapeleka farasi. Farasi hakuwepo. Sajenti huyo, George Box, alikuwa mwanakemia katika kituo cha kijeshi cha Porton Down, ambako gesi za sumu zilijaribiwa kwa wanyama. Matokeo yalikuwa yakimchanganya: wanyama wawili waliopewa kipimo kilekile cha gesi hawakudhurika sawa, na kituoni hakukuwa na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kutenganisha kazi ya gesi na tofauti ya mnyama na mnyama. Aliyejua alikuwa Ronald Fisher, profesa wa Cambridge. Jeshi, hata hivyo, halikuwa na utaratibu wa kumtuma sajenti kwa profesa kuulizia hesabu. Wa kusafirisha farasi ulikuwepo. Box aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni.

Hesabu alizozifuata zilikuwa zimezaliwa shambani, kwenye ngano na samadi. Leo zinatumika mahali ambapo Fisher hakupafikiria: katika kutengeneza chembe za platinamu, paladiamu na dhahabu zenye upana wa nanomita chache, yaani sehemu chache za milioni moja za milimita, zinazofanya kazi ya kichocheo.

Kichocheo katika kemia ni mshenga. Huwakutanisha wawili ambao peke yao wangechukua muda mrefu mno kukubaliana, ndoa ikifungwa yeye huondoka bila kuolewa wala kuoa, akaenda kubisha hodi nyumba ya pili. Lakini mshenga huyu anafanya kazi kwa uso wake tu. Atomi zilizofichika ndani ya kipande cha platinamu hazimkutanishi mtu yeyote. Zimelipiwa bei ya platinamu na zimekaa bure. Ndiyo maana metali hukatwakatwa hadi kuwa chembe. Katika chembe ya dhahabu ya nanomita 20, atomi zilizo usoni hazifiki moja kati ya kumi. Katika chembe ya nanomita 2, zinapita nusu.

Shida ni kwamba chembe hizo hazikatwi kwa kisu. Huchemshwa kutoka kwenye chumvi za metali, na mpishi ana mambo mengi ya kushika kwa wakati mmoja: joto, ukali wa asidi, wingi wa chumvi, wingi wa dawa inayoigeuza chumvi kuwa metali, kasi ya kukoroga, nani atangulie kumwagwa chunguni, muda wa kukausha, joto la tanuri mwishoni. Historia inayosimuliwa hapa ni ya watu waliojiuliza: mambo manane yakibadilika, utajuaje lipi limefanya nini?

Jibu la kwanza lilikuwa kujaribu vyote. Mwaka 1909 Fritz Haber alikuwa amefanikiwa kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kuwa amonia, akitumia osmiamu, metali adimu ambayo dunia nzima haikuwa nayo ya kutosha kuendesha kiwanda. Kampuni ya BASF ya Ludwigshafen, Ujerumani, ilimkabidhi Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kitu cha bei nafuu. Mittasch alijenga vinu vidogo vya majaribio, kila kimoja kikipokea kiasi kidogo cha unga ambacho kingeweza kutolewa na kubadilishwa haraka, akaanza kupitisha karibu kila kitu kilichokuwa kabatini. Kufikia mapema mwaka 1912 alikuwa amepima unga wa aina zipatazo 2,500 katika majaribio kama 6,500. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye jiwe la chuma la Gällivare, Sweden. Chuma safi kilikuwa kimewavunja moyo. Chuma kile chenye uchafu wake wa asili kilifanya kazi vizuri mno. Kumbe siri ilikuwa kwenye uchafu. Wakaanza kuutia kwa makusudi, kidogo cha alumini, kidogo cha potasiamu, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikawashwa. Mfuko wa urea ambao mkulima wa Mbozi au Kitale huununua kama mbolea ya kukuzia unatokana na amonia, na amonia ya viwandani mpaka leo hupita juu ya kichocheo cha chuma cha ukoo uleule.

Ni ushindi wa jasho, na hakuna sababu ya kuudharau. Lakini BASF ilikuwa na fedha za majaribio 6,500. Wengine wengi hawakuwa nazo.

Wakati huohuo, katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, kaskazini ya London, rundo la namba lilikuwa likikusanya vumbi. Shamba la Broadbalk lilikuwa likipandwa ngano tangu mwaka 1843, kila ploti ikipata mbolea yake, na kumbukumbu zote zikitunzwa. Fisher aliajiriwa mwaka 1919 kuona kama kuna maana yoyote ndani yake. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya tatizo haikuwa kwenye hesabu za baadaye bali kwenye mpangilio wa shamba lenyewe. Kama mbolea moja imewekwa mwinukoni na nyingine bondeni, hakuna hesabu itakayookoa jaribio hilo. Alitaka ploti zigawiwe kwa kura, zirudiwe, na zaidi ya yote mambo kadhaa yabadilishwe kwa pamoja.

Hilo la mwisho ndilo lililoudhi. Kila mwanafunzi wa sayansi, tangu enzi hizo hadi kidato cha pili cha leo, amefundishwa kwamba jaribio la haki hubadilisha kitu kimoja na kuvishikilia vingine vyote. Katika makala ya mwaka 1926 Fisher alisema waziwazi kwamba kuuliza maumbile swali mojamoja ni kosa. Mara nyingi hayatajibu mpaka yaulizwe na la pili.

Anayepika wali ataelewa mara moja. Maji na moto havishauriwi kila kimoja peke yake. Ukishikilia moto mmoja ukatafuta kipimo bora cha maji, kisha ukashikilia maji hayo ukatafuta moto bora, utaishia na wali unaolika, na utaapa kwamba hakuna bora zaidi. Pengine ulikuwepo, kwenye maji mengi na moto mdogo, pembe ambayo hukuigusa kwa sababu kanuni yako ilikukataza kuvibadilisha vyote viwili kwa pamoja. Watakwimu huita jambo hilo mwingiliano. Kulinasa kunataka mpangilio: vigezo vitano, kila kimoja kikiwa juu au chini, vinaleta mapishi 32, na ukichagua nusu yake kwa ustadi, mapishi 16 yanatosha kuonyesha vigezo vyenye nguvu na jozi zinazoshirikiana. Mwaka 1946 Robin Plackett na J. P. Burman, waliofanya kazi ya serikali ya Uingereza wakati wa vita, walichapisha mipangilio ya ubahili zaidi: vigezo 11 kwa majaribio 12. Ubahili huo una gharama yake, maana mwingiliano hujificha ndani ya namba za vigezo vingine, lakini kwa kuchuja vya maana na visivyo na maana mpangilio huo bado unatumika maabara nyingi.

Vita vilipokwisha Box alisomea takwimu, na mwaka 1948 akaajiriwa na kampuni ya kemikali ya ICI, kitengo cha rangi kilichokuwa Blackley, Manchester. Hapo aliona kitu ambacho watu wa shamba hawakuwa na sababu ya kukiona. Mkulima husubiri msimu. Kwa hiyo jaribio la shamba lazima liwe kubwa na kamili, maana likikosewa mwaka umepotea. Mwanakemia hupata jibu kesho, wakati mwingine jioni ya leo. Kwa nini basi apange kila kitu mwanzoni, kabla hajajua chochote?

Mwaka 1951, pamoja na mwanakemia wa ICI aitwaye K. B. Wilson, Box alichapisha makala iliyoifanya safari ya kutafuta mapishi bora ionekane kama kupanda mlima kwenye ukungu. Kilele hakionekani. Lakini ukipima ardhi kidogo pande zote ulipo, utajua mwinuko mkali uko wapi. Piga hatua kuelekea huko, pima tena, piga hatua. Mteremko ukianza kuwa tambarare, unajua umekaribia, na hapo ndipo unaongeza vipimo ili kuchora umbo la juu la mlima. Wakagundua pia kwamba milima ya kemia mara nyingi haina ncha kali kama ya Mawenzi. Ina mgongo mrefu ambao ukitembea juu yake mavuno hayapungui sana. Mgongo huo ni mali kwa mwenye kiwanda: kati ya mapishi yanayotoa mavuno sawa, atachukua yale ya joto dogo na malighafi rahisi.

Mwaka huohuo wa 1951, ng'ambo ya Atlantiki, John Turkevich wa Chuo Kikuu cha Princeton pamoja na Peter Cooper Stevenson na James Hillier walichapisha uchunguzi wao wa dhahabu. Michael Faraday alikuwa ameonyesha mwaka 1857 kwamba maji mekundu kama rubi yanayotokana na chumvi ya dhahabu yana dhahabu yenyewe ndani, imegawanyika ndogo mno isionekane. Kina Turkevich sasa walikuwa na hadubini ya elektroni, na Hillier alikuwa mmoja wa walioitengeneza, hivyo waliweza kuziona na kuzipima chembe hizo. Mapishi yaliyobeba jina la Turkevich ni mepesi kiasi kwamba mwanafunzi huyafanya kwenye somo la vitendo: chemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, mwagia sitrati, ambayo ni chumvi itokanayo na asidi iliyomo kwenye limau, na baada ya dakika chache rangi hugeuka kuwa nyekundu ya divai. Chembe hutoka na upana wa nanomita kama 20, zikifanana kwa namna ya kupendeza.

Waliyachunguza mapishi hayo kwa desturi ya zamani, kigezo kimoja baada ya kingine. Mwaka 1973 Gert Frens wa maabara ya Philips nchini Uholanzi aliongeza kwamba ukipunguza sitrati chembe hukua, na akapata kuanzia nanomita 16 hadi 147. Kila mtu aliridhika: sitrati ndiyo inayoamua ukubwa. Iliwachukua watu hadi mwaka 2007, kundi la Xiaogang Peng huko Arkansas lilipoonyesha kwamba sitrati ilikuwa ikifanya kazi nyingine kimyakimya. Ukiiongeza, asidi ya mchanganyiko hupungua, na asidi hiyo nayo inaamua dhahabu igeuke kwa njia ipi. Aliyedhani anabadilisha kitu kimoja alikuwa akibadilisha viwili. Miaka 56 kwa mapishi ya vitu viwili na maji! Mtu mwenye ploti za Rothamsted kichwani angeliuliza mapema kama asidi na sitrati zinashirikiana, na angelizibadilisha zote mbili kwenye jaribio moja.

Dhahabu nyingine ya mwaka 1951 ilikuwa chini ya ardhi. Katika migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kule ambako vijana wa nyanda za juu kusini za Tanganyika walipelekwa kwa mikataba ya Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodini, mhandisi aitwaye Danie Krige alikuwa akichunguza makosa yanayojirudia. Kipande cha mwamba ambacho sampuli zake zilionyesha utajiri mkubwa, kikichimbwa, kilitoa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kilichoonyesha umaskini kilitoa zaidi. Krige alieleza kwa nini, na kwa nini dawa yake ni kutoiamini sampuli ya kipande peke yake bali kuipima pamoja na habari za majirani zake, kwa kuwa dhahabu iliyo karibu hufanana kuliko iliyo mbali. Makala yake ilitoka katika jarida la wanakemia na wahandisi wa migodi wa Afrika Kusini Desemba 1951. Mfaransa Georges Matheron aliigeuza kuwa nadharia kamili ya hesabu miaka ya 1960 na kuipa mbinu hiyo jina la Krige. Box na Krige, kwa bahati tu, walizaliwa mwaka mmoja, 1919, na wakafariki mwezi mmoja, Machi 2013.

Mbinu tatu, mwaka mmoja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuziweka meza moja. Hata ukaribu haukusaidia. Mwaka 1956 Box alikwenda Princeton kuongoza kikundi cha watafiti wa takwimu kwa mwaliko wa John Tukey, ambaye naye alianza usomi wake kama mwanakemia. Turkevich alikuwa akifundisha kemia chuoni hapohapo. Box aliondoka baada ya miaka michache, na mwaka 1960 akaanzisha idara ya takwimu Wisconsin. Viwanda vya rangi, mafuta na dawa vilichukua mbinu zake. Wapishi wa chembe za metali waliendelea kushika kigezo kimoja na kuvifunga vingine.

Hapa si vibaya kuwa mkali kidogo. Kilichochelewesha hakikuwa hesabu. Hesabu za mapishi 16 zilifanyika kwa kalamu. Kilichochelewesha ni fahari ya fundi, anayeamini kwamba mkono wake unajua. Na kweli mara nyingi mkono ulijua. Masatake Haruta wa Osaka alipoonyesha mwaka 1987 kwamba chembe ndogo za dhahabu juu ya oksidi za metali nyingine huiunguza monoksidi ya kaboni hata kwenye joto la chini ya sifuri, aliipindua imani kwamba dhahabu ni metali mvivu isiyochochea kitu, na hilo lilitokana na ustadi wa mikono na jicho. Shida ilianza maabara nyingine zilipojaribu kuyarudia mapishi. Ukali wa asidi ukiyumba kidogo wakati chembe zinatua juu ya oksidi, au klorini ikibaki bila kuoshwa, chembe zilinenepa na uchochezi ukafifia. Baadaye Baraza la Dhahabu Duniani lililazimika kusambaza sampuli za kichocheo cha kulinganishia, ili watu wajue kama wanabishana kuhusu sayansi au kuhusu mapishi.

Japani ilikuwa na jibu la tatizo hilo nyumbani, kwenye kiwanda cha vigae. Mwaka 1953 kampuni ya Ina Tile ilisumbuliwa na tanuri lisilosambaza joto sawasawa, hivyo vigae vya pembeni na vya katikati vilitoka na vipimo tofauti. Kujenga tanuri jipya kulikuwa ghali. Majaribio yaliyopangwa kwa takwimu, mfano ambao Genichi Taguchi aliufanya maarufu, yalionyesha kwamba kuongeza chokaa kwenye udongo kunaufanya usijali joto lisilo sawa. Hapo lengo limebadilika: kutafuta mapishi yanayovumilia mkono unaotetemeka, hata kama hayafiki kileleni kabisa. Majedwali ya Taguchi yameingia baadaye katika tafiti nyingi za chembe za fedha, nikeli na platinamu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwanza na maabara yenye umeme unaokatika na kemikali za makundi tofauti.

Mwaka 1998 roho ya Mittasch ilirudi ikiwa imevaa nguo mpya. Kundi la Thomas Mallouk katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania lilitafuta kichocheo cha seli ya umeme inayotumia methanoli. Walichukua printa ya kawaida ya wino, wakajaza chumvi za metali mahali pa wino, na wakachapa madoa 645 ya michanganyiko ya platinamu, rutheniamu, osmiamu, iridiamu na rodiamu. Kisha wakaweka rangi inayong'aa asidi inapozalishwa, wakawasha umeme na kutazama. Doa lililong'aa mapema ndilo lililofanya kazi. Mshindi wa mwisho alikuwa na metali nne ndani yake.

Madoa 645 kwa karatasi moja yanatamanisha, ila metali tano zikipimwa kwa asilimia mojamoja huleta mamilioni ya michanganyiko, na bado hujagusa joto wala asidi. Printa haitafika. Hapo ndipo Krige alipohitajika. Mwaka 1989 Jerome Sacks na wenzake walionyesha kwamba kukadiria kwa mtindo wa migodi kunafaa kwa majaribio ya kompyuta: badala ya umbali kati ya mashimo ya sampuli, unapima umbali kati ya mapishi. Mapishi yaliyo jirani hutoa majibu ya jirani. Mwaka 1998 Donald Jones, Matthias Schonlau na William Welch waliongeza kanuni ya kuchagua jaribio linalofuata, ile sehemu ya ramani ambayo ama inaonekana tajiri, ama haijulikani kiasi kwamba utajiri unaweza kuwa umejificha humo. Upandaji mlima wa Box ulifuata mwinuko uliokuwa miguuni pake. Huu unakumbuka kila mahali palipokanyagwa, na unajua ni wapi haujui.

Mbinu hiyo inakula kushindwa kama inavyokula ushindi, na hilo liliwashangaza wanakemia waliozoea kuchapisha mafanikio tu. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha Haverford, Marekani, walitoa makabatini madaftari yenye majaribio karibu 4,000, mengi yakiwa yameharibika na kusahaulika, wakayafundisha kompyuta. Kazi yao ilihusu fuwele na si chembe za metali. Hata hivyo mapendekezo ya kompyuta yalifaulu kwa asilimia 89, ilhali yale ya wanakemia wazoefu yalifaulu kwa asilimia 78. Mwaka 2021 kundi la Singapore na Marekani liliunganisha ukadiriaji huo na mirija myembamba inayopitisha matone, kila tone likiwa sufuria yake, kutafuta mapishi ya chembe za fedha zenye umbo la pembetatu.

Na kabla ya hapo, mwaka 2020, swali la methanoli lilikuwa limerudi. Safari hii metali zilikuwa tatu, platinamu, paladiamu na dhahabu, katika utando wenye vitundu vya ukubwa wa nanomita. Zikigawanywa kwa asilimia mojamoja, michanganyiko yote inayowezekana ni 5,151. Mwenye kalamu anaweza kuhakikisha. Mittasch angeagiza vinu zaidi. Watafiti waliolishika swali hilo waliiachia kompyuta iseme wapime wapi, wakapika, wakarudisha jibu, wakaambiwa pengine. Walipofika jaribio la 47 ramani ilikuwa imetulia, na mchanganyiko iliouonyesha haukuwa ule ambao uzoefu ungewatuma kuutafuta. Fomula iliyowaelekeza ilikuwa, katika kiini chake, ileile iliyotungwa kwa ajili ya vipande vya mwamba wa Witwatersrand.